Kabla hujaposti ile picha ya Fränzi, soma hapa kwanza

Tangu tubadilishe vibao vya maelezo kwenye ukumbi wa Die Brücke (kundi la wachoraji wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20) meseji haziishi, wapo wanaopongeza, wapo wanaosema tunaleta siasa kwenye sanaa, na Waswahili wenzangu mnaoishi huku Ujerumani mnanipigia moja kwa moja kwa kuwa mnajua niko kitengo cha elimu hapa makumbusho. Sawa, nawajibu wote hapa. Naandika kwa ajili ya kuelimisha tu, huu sio ushauri wa kisheria, mwenye kesi yake atafute wakili.

Tulichobadilisha ni kidogo sana. Zamani kibao kilikuwa na jina la mchoraji, mwaka, na "Fränzi", jina la utani la mtoto aliyechorwa, basi. Sasa kinasema Lina Franziska Fehrmann, amezaliwa Dresden mwaka 1900. Wachoraji wa kundi hilo, Kirchner, Heckel na Pechstein, walimchora sana 1909 mpaka 1911, kwa hiyo umri wake piga hesabu mwenyewe. Hilo ndo limewaudhi watu, tarehe ya kuzaliwa.

Kuna stori moja imenichosha kwa kweli, kwamba Fränzi na Marzella, msichana mwingine waliyemchora, walikuwa ndugu, mabinti wa mjane wa msanii wa sarakasi. Hawakuwa ndugu! Stori inatoka kwenye kumbukumbu alizoandika Pechstein miaka mingi baadaye, ikarudiwa vitabuni kwa miongo, mpaka miaka ya 1990 watafiti walipokwenda kufungua rejista ya kanisa wakamkuta mtoto mwenyewe na jina lake kamili. Yani watu walikuwa wanajua kila rangi aliyopakwa usoni ila hawajui ukoo wake.

Na usoni alipakwa kijani. Ukifika Madrid, makumbusho ya Thyssen, itafute ile ya Fränzi mbele ya kiti, ya 1910. Sogea. Mtoto ana uso wa kijani na midomo myekundu kama amepaka lipstiki ya mama yake, nyuma yake kuna kiti kilichochongwa umbo la mwanamke uchi, sasa angalia vizuri, kiti ndo kimepewa rangi ya ngozi, ile pinki ya mtu hai, mtoto kapewa rangi ya kinyago. Kirchner alikuwa anajua anachofanya pale. Mimi naipenda sana hiyo picha na bado inanikosesha raha, vyote viwili, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Mnasema "enzi zile ilikuwa kawaida". Kawaida ya nani? Kule kwenye maziwa ya Moritzburg, karibu na Dresden, walikokuwa wanakwenda kiangazi kuogelea na kuchora watu uchi, Pechstein mwenyewe anasimulia jinsi askari wa kijijini alivyotokea akawakamatia mchoro kwa kosa la maadili. Kwa hiyo hata 1910 kuna waliokuwa wanakunja uso. Ila tusiende upande wa pili tukasema kila modeli alikuwa mhanga, hapo napo mnarahisisha mambo. Hawa jamaa walichoka na modeli wa chuo anayeganda masaa kama nguzo, wao walitaka pozi la robo saa tu kisha mtu abadilishe, ajinyooshe, ale, alale, ndo maana waliwatumia marafiki na wapenzi badala ya watu wa kazi hiyo. Erna Schilling, Kirchner alikutana naye Berlin 1912, yeye na dada yake Gerda ndo miili unayoiona kwenye zile picha za mitaani, na Erna alikaa naye mpaka Uswisi, mpaka Kirchner alipojiua Juni 1938. Mtu mzima, kachagua. Huwezi kumweka kapu moja na mtoto wa miaka tisa.

Sasa suala la kuposti, hapa tusomane taratibu. Hakimiliki Ujerumani ni miaka 70 baada ya mchoraji kufariki, na inahesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Kirchner kafa 1938, kazi zake ziko huru kutumiwa na yeyote tangu tarehe 1 Januari 2009. Pechstein kafa 1955, huru tangu tarehe 1 Januari 2026. Heckel kafa 1970, bado mpaka mwisho wa 2040, mwenzao Schmidt-Rottluff kafa 1976, mpaka mwisho wa 2046. Kazi ikishakuwa huru, picha ya kawaida ya kamera ya kazi hiyo nayo iko huru, kifungu cha 68 cha sheria ya hakimiliki, kipo tangu 2021. Ukikiuka kuna kifungu cha 106, faini au jela mpaka miaka 3. Na "nimeitoa Google" sio utetezi, naomba hiyo tuiache.

Aliyechorwa je? Yeye ana sheria nyingine, ya haki ya mtu juu ya picha yake, ya 1907, kifungu cha 22, sura yake inalindwa anapokuwa hai na miaka 10 baada ya kufa, familia ndo inatoa ruhusa, na adhabu ni faini au jela mpaka mwaka 1. Franziska Fehrmann alifariki 1950. Maana yake ulinzi wa sura yake uliisha 1960, wakati mchoro wa Heckel wa mtoto huyo huyo unalindwa mpaka 2040, na anayelindwa ni Heckel.

Kwa hiyo msiponiona naposti michoro ya uchi ya watoto kwenye kurasa zetu, sheria hizi mbili hazinizuii kwa Kirchner, ni uamuzi wetu tu. Ipo ukutani, njoo uione, na ukiihitaji kwa utafiti jaza fomu, andika namba ya kazi (sio "ile ya kijani"), taja matumizi, saini, tuma. Fomu bila saini inarudi.

Na flashi jamani, hapana, hata kama simu ni mpya.