Kupima ulevi na dawa za kulevya maabara: maswali na majibu

Kwa nini damu ichukuliwe ikiwa dereva amekwisha kupuliza kipima ulevi?

Kifaa hicho hupima alkoholi iliyomo katika pumzi, si iliyomo katika damu yenyewe. Kenya imeweka mpaka wa mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, unaokaribiana na miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, kiwango ambacho pia kimo katika sheria ya usalama barabarani ya Tanzania. Aliyekunywa muda huohuo, au aliyesukutua kwa dawa yenye alkoholi, huweza kusomeka juu kupita hali yake halisi, kwa hiyo inafaa asubiri dakika 15 kabla ya kupuliza.

Sampuli ya damu hutunzwaje?

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoweza kuharibika. Ngozi husafishwa kwa dawa isiyo na spiriti, na damu huwekwa katika chupa yenye sodiamu floraidi, kwa kuwa bila kihifadhi hicho bakteria na hamira huweza kutengeneza alkoholi ndani ya chupa yenyewe. Chupa hupigwa lakiri, huwekwa mahali pa baridi, na kila anayeipokea hutia saini. Maabara hupima mvuke ulio juu ya damu kwa kromatografia ya gesi, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, tena zaidi ya mara moja. Jibu la hospitali lililotokana na majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake huwa juu kuliko la damu nzima, na halifai kulinganishwa moja kwa moja na mpaka wa kisheria.

Je, usingizi wa usiku mmoja unatosha?

Si lazima. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu, ingawa watu hutofautiana. Aliyefikia 160 saa sita usiku bado atakuwa na kama 85 saa kumi na moja alfajiri, na kahawa nyeusi haibadilishi hesabu hiyo.

Unga unaoshukiwa hutambuliwaje?

Kwanza kwa kemikali zinazobadili rangi: kitendanishi cha Marquis hugeuka zambarau kikikutana na heroini, na cha Scott huwa buluu kwa kokeini. Rangi huleta shaka tu, kwa sababu vitu vingine navyo huweza kuitoa, hivyo uthibitisho hutafutwa kwa kromatografia iliyounganishwa na kipima uzito wa molekuli. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mkojo ukionyesha dawa, mhusika amelewa?

Hapana. Mabaki ya bangi huweza kudumu wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, na kodeini ya dawa ya maumivu hugeuka mofini mwilini, kama heroini nayo inavyofanya. Alama mahususi ya heroini, monoasetilimofini, hutoweka kwenye mkojo ndani ya takriban siku moja. Anayepimwa ataje dawa zote anazotumia, na zote ziandikwe kwenye fomu kabla sampuli haijafungwa.