Chumvi Nyeupe Ndani ya Kimondo cha Ivuna

Aliyekulia katika nyumba ya mawe Lamu au Unguja anaujua ule unga mweupe unaochipuka ukutani: unyevu hupanda na chumvi, ukikauka huiacha juu. Kwenye vimondo vya aina ya Ivuna huonekana kitu kama hicho, nyuzi nyeupe zikikatiza jiwe jeusi. Ni salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni. Je, maji yaliyoizaa yalikuwa ya angani au ya kwetu?

Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, karibu na Ziwa Rukwa. Ziliokotwa takriban gramu 700 tu, lakini kundi zima la vimondo vya CI limebeba jina lake: C ni kaboni, I ni Ivuna. (Ivuna yenyewe ni nchi ya chumvi, wanaakiolojia wamefukua huko mabaki ya utengenezaji chumvi wa kale.) Karibu madini yake yote yalibadilishwa na maji kwenye mwamba mzazi angani, Mfumo wa Jua ukiwa bado mchanga. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba salfeti nayo ilitoka huko.

Atomi za salfa hazina uzito mmoja. Katika kila 100, kama 95 ni salfa-32 na kama 4 ni salfa-34. Uwiano wa hizo mbili tunaulinganisha na ule wa kimondo cha Canyon Diablo, Arizona, ambao ndio sifuri yetu. Salfa ya vimondo kwa kawaida haiendi mbali na sifuri hiyo, ilhali salfeti ya bahari imeipita kwa kama 21 katika elfu. Chumvi ya kimondo ikisoma karibu na sifuri, basi salfa ni ya jiwe lenyewe.

Hapa ndipo watu hukosea. Salfa kuwa ya jiwe hakuthibitishi kwamba maji yalikuwa ya huko. Salfaidi ya chuma, yaani salfa ya jiwe iliyoungana na chuma, ikipata unyevu kabatini kimondo kilimohifadhiwa, huharibika kama msumari unavyopata kutu, na salfeti inayozaliwa hurithi alama ya salfa ileile. Inabidi kupima pia isotopu (atomi za uzito tofauti) za oksijeni iliyomo, kwa kuwa hiyo hutoka kwenye maji na hewa.

Kimondo cha Orgueil, ndugu wa Ivuna, kilianguka Ufaransa mwaka 1864, na maelezo ya mwanzo hayataji mishipa hiyo myeupe. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 kutoka Ryugu, asteroidi (mwamba mdogo unaozunguka Jua), udongo unaofanana sana na Ivuna lakini ambao haujaguswa na hewa yetu. Mishipa mikubwa ya salfeti kama ile haikuonekana. Kwangu mimi, huo ni ushahidi mzito kwamba sehemu kubwa ya chumvi hiyo ilizaliwa hapa duniani.

Ndiyo sababu kipande cha Ivuna kilichoko London kinatunzwa ndani ya gesi ya naitrojeni. Nawe ukiokota jiwe unalodhani ni kimondo, tafadhali usilioshe, wala usililoweshe ili uone rangi yake. Lifunge kwenye foili safi, liweke pakavu, na uandike siku na mahali ulipolikuta.