Jiwe la maweni lilikuwa hai

Ukifika Jambiani au Makunduchi, kusini mwa Unguja, subiri maji yatoke, kisha ushuke ufukweni ukalitazame jabali la maweni lililoinamia mchanga. Sogeza uso karibu. Utaona vijishimo vyenye umbo la nyota, vimepangana kama sega la nyuki. Kila kimoja kilikuwa nyumba ya mnyama aitwaye tumbawe. Mara nyingine utakuta kombe zima limenasa humo humo ndani ya jiwe.

Tumbawe ni mnyama laini anayejijengea kikombe cha chokaa kutokana na madini ya maji ya bahari. Mwilini mwake huishi viumbe vya jamii ya mwani, vidogo mno kuonekana kwa macho, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia. Kwa hiyo mwamba wa matumbawe haukui kwenye kina chenye giza. Mnyama akifa kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Matumbawe ya duara huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Samaki aitwaye pono naye huyatafuna na kuyatoa mwilini kama mchanga mweupe, unaoziba mianya ya mwamba.

Lakini mwamba wa baharini ulipandaje juu, watu wakajenga na kulima juu yake? Hapa Unguja, jibu kubwa ni bahari yenyewe. Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu nyingi ya ncha za dunia iliyeyuka, na maji yakasimama mita 6 hadi 9 juu ya yalipo leo. Matumbawe yakajenga hadi karibu na uso wa maji hayo. Baridi iliporudi, maji yaligeuka barafu huko mbali, bahari ikashuka, na mwamba ukaachwa mkavu.

Ikaendelea kushuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 kuliko sasa, na mkondo baina ya Unguja na Bara, ambao kina chake ni makumi ya mita tu, ulikuwa nchi kavu. Wanyama walivuka kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, hapo hapo Jambiani, wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya pundamilia! Pemba haikupata daraja hilo, kwa kuwa mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Popo wa Pemba amekaa kisiwani mwake muda mrefu hata akawa hapatikani penginepo duniani.

Mvua nayo haijaacha kazi. Huliyeyusha jiwe polepole, likawa na ncha zinazokata miguu, na chini yake yakatoboka mapango yanayohifadhi maji baridi, yasiyo na chumvi.

Kabla hujaondoka, tazama kule mbali mawimbi yanapovunjika kwa mstari mweupe. Chini ya povu lile matumbawe yanajenga hadi leo.