Tozo ya hiari ya utalii: maana yake

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Kigoma mjini na kutazama ziwani, utaona msururu wa taa majini. Ni wavuvi wa dagaa. Mwanga ndio unaowavuta dagaa waje juu. Sasa chukulia mitumbwi kumi imekaa karibu karibu, yote ina nyavu, lakini mmoja tu ndio wenye taa. Dagaa watakuja na wote watavua. Mwenye taa atavumilia siku mbili tatu, kisha ataanza kujiuliza kwa nini gharama ya taa iwe yake peke yake.

Kuitangaza nchi kwa watalii kuko hivyo hivyo. Hoteli moja ikilipia tangazo Ulaya, mgeni akivutika anaweza kulala hoteli ya jirani. Kwa hiyo kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Tozo ya hiari ni njia mojawapo ya kutoka hapo. Wenye hoteli, wakodishaji wa magari na waandaaji wa safari wanakubaliana kuongeza kiasi kidogo kwenye bili ya mgeni. Fedha hizo zinakusanywa pamoja na kutumika kuitangaza nchi. Afrika Kusini wanayo, inaitwa TOMSA, nayo ni asilimia 1 ya bili. Baraza la biashara ya utalii la huko ndilo linaloisimamia, na fedha zinakwenda kwa shirika la taifa la kutangaza utalii. Chumba kingekuwa cha shilingi 80,000, tozo ingekuwa 800. Angalia anayelipa: ni mgeni. Mwenye hoteli anakusanya tu, na akizibakiza amechukua kisicho chake.

Tusiichanganye na ya lazima. Tanzania ina tozo ya maendeleo ya utalii iliyowekwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na hiyo huchagui kuilipa au kuiacha. Ya hiari inasimama kwa kuaminiana, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: mdowezi. Asiyechangia anapata wageni wale wale, tena bili yake inaonekana nafuu kidogo. Wadowezi wakizidi, hata wachangiaji wema watajitoa. Kwa maoni yangu dawa ni hesabu kuwekwa wazi kila mwaka: kimekusanywa kiasi gani, kimetumika wapi.

Sisi wa Kigoma tunalielewa jambo hili kuliko tunavyodhani. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe kuwachunguza sokwe, na kazi yake ikalifanya jina la Gombe lijulikane duniani. Gombe haifikiki kwa gari. Mgeni anapanda boti, na wengi huanzia mjini. Wenye boti, wenye gesti na mama lishe wamevua chini ya taa ile kwa zaidi ya miaka sitini, na hakuna aliyewachangisha.

Siku tozo ya namna hii ikiletwa kwetu, mwenye gesti wa Ujiji ana haki ya kuuliza kabla hajasaini. Matangazo yatakuwa ya Serengeti na Kilimanjaro tu, au hifadhi zetu za sokwe, Gombe na Mahale, zitakuwemo? Nani wa upande wetu wa magharibi atakaa kwenye kikao cha kugawa fedha? Na akitaka kujitoa, anajitoaje?