Je, sumaku huvuta chuma kilicho kwenye damu?

Wanaouza bangili, mikanda na soli za sumaku wana maelezo mepesi: damu ina madini ya chuma, sumaku huvuta chuma, basi damu hukimbilia penye maumivu na kiungo hupata nafuu. Ukisikiliza haraka haraka, unaona mantiki.

Ila chuma cha kwenye damu si vumbi la misumari. Kimefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kuwa himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku. Husukumwa, tena kidogo mno. Isiyo na oksijeni ndiyo huvutwa, nayo kidogo vilevile. Mashine nyingi za MRI hospitalini, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, zina nguvu ya tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au 3, bangili haioni ndani, na bado mgonjwa hulala humo damu ikizunguka kama kawaida.

Isitoshe, nguvu ya sumaku huisha upesi ukisogea mbali nayo. Kunja kitambaa mara kadhaa, kiweke kati ya mkanda wa sumaku na kibanio cha karatasi, uone kama kibanio kitashika. Goti lenyewe liko ndani zaidi ya hapo.

Mbona basi watu huapa kuwa zimewasaidia? Maumivu ya mgongo na viungo hupanda na kushuka. Mtu hununua bangili siku yamemzidi. Yakipungua yenyewe, sifa anapewa bangili. Matumaini nayo hutuliza maumivu kweli, si uongo wa mgonjwa.

Kulipima jambo hili kuna kizungumkuti chake: aliyepewa bangili bandia huigusisha na funguo tu, akajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walijaribu kuikwepa hila hiyo kwa kuchanganya bangili za sumaku kamili, za sumaku hafifu, zisizo na sumaku na za shaba. Wagonjwa 70 wa baridi yabisi walizivaa zote kwa zamu. Matokeo yaliyotoka 2013 hayakuonyesha tofauti ya maana katika maumivu wala uvimbe.

Kwa wengi hasara ni ya mfukoni tu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ndiye asizikaribie, kwa sababu sumaku ikiwa karibu na kifua inaweza kuvuruga utendaji wa kifaa hicho. Na kiungo kilichovimba, chenye joto na wekundu, kinahitaji daktari siku hiyohiyo.