Je, wajua kwa nini ngazi ya darini huvujisha joto la nyumba?

Ukimtembelea jamaa anayeishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, huenda ukaona kamba fupi ikining'inia kwenye dari ya korido. Ivute: kipande cha dari kinashuka kwa bawaba na springi, na mgongoni mwake imekunjwa ngazi ya mbao. Hapo ndipo watu hupandia darini, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya dari na paa, kuhifadhi masanduku na mapambo ya Krismasi. Sasa ifunge, halafu uweke kiganja kwenye ubao wake usiku wa Januari, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Utadhani umeshika chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Dari yote iliyobaki imefunikwa kwa juu na sufi ya kuzuia joto, ama fibagilasi (nyuzi za kioo) au selulosi (karatasi iliyosagwa), unene wa sentimita 35 hadi 45. Mlango wa ngazi ni plaiwudi ya milimita 6 hivi, basi. Hakuna anayeweza kuurundikia sufi, kwa sababu ngazi yenyewe imelala pale pale, na chochote utakachotandaza kitakuangukia kichwani siku utakapovuta kamba.

Wamarekani hupima uwezo wa kuzuia joto kwa kipimo cha R: namba ikiwa kubwa, joto huzuiwa zaidi. Dari nzuri ya sehemu za baridi kali ina R 49 au zaidi. Mlango huu haufiki hata 2. Ukipiga hesabu, kipande hicho cha mita za mraba 0.8 hupoteza joto sawa na dari ya mita za mraba 25 iliyofunikwa vizuri, yaani vyumba viwili vya kulala.

Na hapo hatujagusa nyufa. Hewa ya moto hupanda, hutafuta upenyo juu, na ikitoka huvuta hewa baridi iingie kwa chini, kwenye milango na madirisha. Nyumba nzima inageuka dohani. Mwanya wa milimita 3 ukizunguka fremu yote ni sawa na tundu la sentimita 11 kwa 11. Kuupata ni rahisi: washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu ukingoni mwa mlango. Moshi ukipinda ghafla na kumezwa juu, umeupata. Ukipanda darini utakuta pia fibagilasi iliyo karibu na fremu imeingia weusi, maana imekuwa ikichuja vumbi la hewa inayopita.

Kwetu pwani jambo hilo hilo tunalitafuta kwa makusudi: tunaacha matundu juu ya ukuta ili joto litoke. Tofauti ni kwamba sisi hatujalipia gesi kulitengeneza. Tena kule hewa inayotoroka hubeba unyevu wa mapishi na bafu, ambao huganda kwenye mbao baridi za paa na baadaye kuleta ukungu. Joto nalo huyeyusha theluji ya juu. Maji yakifika ukingoni mwa paa huganda tena, yakaziba njia, na yanayofuata hurudi nyuma kuingia ndani.

Dawa yake si ghali. Utepe wa sponji hubandikwa pale mlango unapokutana na fremu, na komeo dogo huongezwa ili mlango ubane, kwani springi pekee haziuvuti sawasawa. Mwanya kati ya fremu na dari hujazwa silikoni. Kisha darini hutengenezwa kasha la povu gumu la plastiki lenye unene wa sentimita 5, lisilo na kitako, linaloifunika ngazi iliyokunjwa. Povu hilo lina R 10 hivi, kwa hiyo joto linalopotea hushuka hadi kama sehemu moja ya saba. Kasha liwe jepesi, nasisitiza. Utalisukuma kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika ngazi, na likiwa zito utalisogeza kando mara moja tu, libaki huko huko hadi kiangazi.