Haskell na Prolog chuoni: dhana potofu na ukweli wake

Mwanafunzi wa kompyuta anapofika kwenye kozi ya Haskell (lugha ya kifanksheni, inayojenga programu kwa fanksheni) na Prolog (lugha ya kimantiki, inayojibu maswali kutokana na taarifa na kanuni), kwa kawaida ameshazoea Python, Java au C. Kabla ya kipindi cha kwanza ameshasikia mengi kutoka kwa waliomtangulia, na baadhi ya hayo humgharimu alama.

Dhana: Kwenye Prolog unaeleza tu mambo yalivyo, mpangilio wa kanuni si hoja.

Hii ndiyo inayoangusha wengi. Chukua taarifa mbili na kanuni mbili (`:-` husomwa "ikiwa", na herufi kubwa ni vigezo vya kujazwa):

```
mzazi(asha, juma).
mzazi(juma, neema).
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Y).
mhenga(X, Y) :- mhenga(X, Z), mzazi(Z, Y).
```

Kimantiki hakuna kosa. Uliza `?- mhenga(asha, N).` nayo itajibu juma. Bonyeza nukta mkato kuomba jibu lingine, itajibu neema. Bonyeza tena: itakaa kimya, kisha italalamika kwamba staki, kumbukumbu ya hatua zisizokamilika, imejaa (kwenye SWI-Prolog ya biti 64 kikomo cha kawaida ni GB 1). Prolog hujaribu kanuni kutoka juu kwenda chini, na masharti ya kila kanuni kutoka kushoto kwenda kulia. Sharti la kwanza la kanuni ya pili ni `mhenga` yuleyule, na Z bado haijajulikana, kwa hiyo swali linazaa swali lilelile bila kikomo. Andika `mzazi(X, Z), mhenga(Z, Y)` na kila hatua itashuka kizazi kimoja hadi watoto waishe. Na kanuni ile mbovu ikikaa juu ya mwenzake, hata jibu la kwanza hulipati.

Mpangilio huohuo unaamua hatima ya ukanushaji. Alama `\+` haimaanishi "si kweli"; inamaanisha "nimetafuta nikakosa uthibitisho". Tuseme Asha, Juma na Neema wote wameandikwa kama `mtu`, nawe ukaandika:

```
bila_mtoto(X) :- \+ mzazi(X, _), mtu(X).
```

Uliza `bila_mtoto(X)` upate `false`, ingawa Neema hana mtoto. Swali lililoulizwa hasa ni "je, hakuna mzazi yeyote?", na Asha peke yake anatosha kulikatalia. Tanguliza `mtu(X)`: kila mtu atatajwa kwanza ndipo akaguliwe, na Neema atapatikana.

Dhana: Alama ya `=` kwenye Prolog hupiga hesabu.

Haipigi. `X = 2+3` inakurudishia `2+3` ilivyo. `X is 2+3` inatoa 5, ila `5 is X+3` inaleta hitilafu kwa sababu upande wa kulia wa `is` lazima ujulikane wote. Ukihitaji hesabu inayokwenda pande zote mbili, pakia maktaba ya `clpfd` uandike `5 #= X+3`; jibu ni 2.

Dhana: Haskell hukokotoa pale tu panapohitajika, kwa hiyo haili kumbukumbu.

Nusu yake ni kweli: `take 5 [1..]` inafanya kazi vizuri juu ya orodha isiyo na mwisho. Lakini kazi iliyoahirishwa nayo hukaa kwenye kumbukumbu. Jaribu `foldl (+) 0 [1..10000000]` ndani ya GHCi, dirisha la kujaribia Haskell papo hapo. Jumla haipigwi hatua kwa hatua. Kinachojengeka ni mnyororo wa `((0+1)+2)+3` na kuendelea, unaosubiri mpaka mwisho. Tumia `foldl'` kutoka `Data.List`, ambayo hukokotoa kila jumla papo hapo. Ukikompaili kwa `-O` tatizo mara nyingi hutoweka, kwa kuwa kompaila huligundua yenyewe, na ndiyo maana wengi hawalijui hadi programu kubwa iwakwamie.

Dhana: Bila hisabati ya juu huwezi kuelewa monadi.

Ili uandike programu inayosoma na kuchapisha, unahitaji kusoma taipu tu, yaani aina ya kila thamani. `getLine` si `String`, ni `IO String`: kitendo kitakachotoa maandishi kikitekelezwa. `IO` hiyo ndiyo monadi, yaani njia ya kuunganisha vitendo kwa mfuatano. Ndiyo sababu `"Hujambo " ++ getLine` inakataliwa. Ndani ya `do`, andika `jina <- getLine`, kisha `putStrLn ("Hujambo " ++ jina)`. Nadharia inaweza kusubiri.

Dhana: Ni lugha za darasani tu.

Seva za WhatsApp zilijengwa kwa Erlang, lugha ya kifanksheni iliyozaliwa Ericsson, Uswidi, miaka ya 1980. Java nayo ilipokea lambda, yaani fanksheni zisizo na jina za mtindo wa kifanksheni, katika toleo la 8, mwaka 2014.

Dhana: Nusu mbili za kozi hazihusiani.

Erlang ya kwanza kabisa iliendeshwa na programu iliyoandikwa kwa Prolog. Na uhusiano wenyewe una kina zaidi: ulinganishaji (unification: kutafuta thamani za vigezo zinazofanya semi mbili zifanane) aliouelezea J. Alan Robinson mwaka 1965 ndio injini ya Prolog, na ndio pia unaoiwezesha Haskell kubaini taipu usizoziandika. Fanya kwa mkono. `f(X, b) = f(a, Y)` inakubali, X ikiwa a na Y ikiwa b. `f(X, X) = f(a, b)` inakataa, kwa kuwa X haiwezi kuwa vitu viwili kwa pamoja. Sasa andika `[True, 'a']` kwenye Haskell: taipu ya vijenzi vya orodha inatakiwa iwe `Bool`, papo hapo inatakiwa iwe `Char`, na kompaila inakataa kwa sababu ileile.